Intaneti ya Kupiga Simu (Dial-up) Inakatika-katika? Anza na Logi

Unahudumia wateja wa kampuni ya intaneti, na mteja analalamika kwamba intaneti yake ya kupiga simu, ile ambayo modemu yake hupigia modemu zenu kupitia laini ya simu ya mezani, inakatika. Usimwambie azime modemu na kuiwasha. Fungua kwanza rekodi za RADIUS, seva inayoandika nani ameunganishwa na amekatika vipi, utafute jina lake, kisha angalia miunganisho 10 ya mwisho.

Tazama hapa kwenye Acct-Terminate-Cause, yaani sababu ya kukatika. Ikisomeka Idle-Timeout, seva yenu ndiyo iliyokata, kwa kuwa hakukuwa na data inayopita. Hiyo si hitilafu, ni mpangilio. User-Request, kompyuta yake imekata yenyewe. Tunayoitafuta ni Lost-Carrier: modemu mbili zimeacha kusikilizana.

Sasa soma NAS-Port, namba ya poti yenu iliyopokea simu yake. Lost-Carrier za wateja mbalimbali zikirundikana kwenye poti moja, ubovu uko kwenu. Laini ya E1, laini ya kidijitali inayoleta simu za wateja kwenu, hubeba simu 30, kwa hiyo mteja akipiga tena huangukia poti nyingine, naye atakwambia "mara inashika, mara inagoma". Ubaya wake, poti mbovu hukata upesi, ikawa wazi tena upesi, na hivyo hupokea simu nyingi kuliko zilizo nzima. Ifunge kwanza, uchunguzi baadaye.

Lakini kama anakatika yeye tu, tena kwenye poti tofauti, shuku waya wake. Mwambie anyanyue mkono wa simu, abonyeze tarakimu moja ili mlio ukome, kisha asikilize. Panapaswa kuwa kimya. Akisikia mvumo mzito, waya unapokea mvumo wa nyaya za umeme zilizo karibu. Mikwaruzo ni kiungo kilicholegea au kuingia maji. Achomoe simu nyingine zote za nyumbani, ajaribu tena.

Laini ni safi? Uliza kama ana huduma ya simu ya pili kubisha hodi (call waiting). Mlio wake mfupi unatosha kukata. Aizime huduma hiyo, au aipe modemu amri ATS10=50: modemu itavumilia ukimya wa sekunde 5; nyingi huja na 14, yaani sekunde 1.4. Usipandishe sana, maana modemu itachelewa kukata hata simu iliyokwisha kufa.

Bado? Ashushe mwendo kwa amri AT+MS=V34, inayoilazimisha modemu kutumia kiwango cha V.34. Kilobiti 33.6 kwa sekunde zinazotulia ni bora kuliko 50 zinazokatika. Modemu nyingine zina amri tofauti, asome kitabu cha modemu yake.

Na CONNECT, ujumbe wa modemu unaotaja mwendo wa muunganisho, ikigota 26400 kila siku, huenda wateja wawili wanagawana jozi moja ya waya kupitia kifaa cha kampuni ya simu. Hapo hakuna amri ya AT itakayosaidia. Mteja aombe jozi yake mwenyewe.