Daftari la mgao: Kuba katika miaka ya njaa

Wazee wetu, mama na papa, wanafunzi, karibuni.

Kwetu hapa Bukavu, Kuba si nchi ya kusikia tu. Mwaka 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi aliyetoka Kuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akaingia upande wa Fizi kupigana pamoja na waasi, akiwa na jina la Kiswahili: Tatu. Novemba mwaka huohuo aliondoka, ameshindwa. Leo nataka tuzungumze juu ya miaka ambayo Kuba yenyewe nusura ishindwe.

Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, Kuba ilimkosa kwa mpigo mmoja mnunuzi wa sukari yake na aliyeipa mafuta. Kufikia 1993 uchumi ulikuwa umepungua kwa karibu theluthi moja. Marekani ilishakaza vikwazo tangu 1992. Mabasi yalisimama, watu wakapanda baiskeli za China. Shambani maksai wakavuta plau mahali pa trekta. Watu wapatao 50,000 walishikwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wengi wao macho yakififia, kwa kukosa vitamini. Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, aliuita wakati huo Kipindi Maalumu. Mimi nauita njaa.

Kwa nini serikali haikuanguka? Chama kilikuwa kimoja na wapinzani walifungwa, hilo sitalificha. Lakini Ceaușescu, mtawala wa Romania, naye alikuwa na bunduki, akaanguka ndani ya siku chache mwaka 1989. Mimi naona tuangalie daftari dogo la mgao, libreta, lililoanza mwaka 1962. Kila nyumba ilikuwa nalo. Mama analipeleka dukani, muuzaji anaandika kwa kalamu: mchele, sukari, maharage. Miaka ile nafasi tupu zilizidi kwenye kurasa zake, lakini maziwa yaliyopatikana yalitangulizwa kwa watoto wadogo, shule na hospitali hazikufungwa, na vifo vya watoto wachanga viliendelea kupungua. Mama mnaouza soko la Kadutu hapa kwetu mnajua barabara ikifungwa unga unakwenda kwa nani. Kule Kuba, jirani alijua jirani yake ameandikiwa kipimo kilekile.

Daftari peke yake halikutosha. Tarehe 5 Agosti 1994 watu walimiminika Malecón, barabara ya ufukweni Havana, wakipiga kelele, na Castro akaenda mwenyewe. Siku chache baadaye walinzi wa pwani waliambiwa wasimzuie anayetaka kuondoka. Watu zaidi ya 30,000 waliingia baharini kwa mbao na mipira ya magari. Serikali ilipata kupumua, waliozama hawakurudi.

Tena ilibidi serikali imeze maneno yake. Mwaka 1993 dola, ambayo kukutwa nayo kulikuwa kosa, iliruhusiwa. Mashamba makubwa ya serikali yakakabidhiwa vyama vya ushirika. Masoko ya wakulima, ambayo Castro aliyafunga mwaka 1986, yakafunguliwa tena Oktoba 1994, na chakula kikaonekana mezani. Ila mwenye ndugu Miami, Marekani, wa kumtumia dola alinunua nyama, na mwalimu wa kulipwa peso, fedha ya Kuba, akaipita bei yake kimya. Wako walioacha chaki wakaenda kubeba mizigo ya watalii hotelini.