Boti ya Mbao, Injini Mpya: Nguvu Kiasi Gani Inatosha?

REHEMA: Karibuni tena. Msikilizaji wetu wa Msasani ana boti ya mbao iliyoundwa Uingereza miaka ya 1960. Urefu wake kwenye mstari wa maji ni mita 8, uzito tani 4. Injini ya petroli imekufa. Fundi kamshauri afunge ya nguvu za farasi 150, awahi kisiwa cha Mbudya. Kaka Salum?

SALUM: Asifunge! Boti ya tumbo la mviringo haipandi juu ya maji, inayapasua, kwa hiyo mwendo wake una ukomo. Chukua kipeuo cha pili cha hizo mita 8, zidisha kwa 2.43: unapata noti 7 (maili za baharini kwa saa) kasoro kidogo. Ukizidisha nguvu hapo, tezi, yaani nyuma ya boti, inadidimia, wimbi linakua, mafuta yanakwisha, na mwendo ni uleule.

REHEMA: Basi afunge ya ngapi?

SALUM: Dizeli ya farasi 20 inatosha. Mimi ningempa 30, maana akirudi kutoka kisiwa cha Bongoyo upepo wa kusi unampiga usoni.

REHEMA: Kuna watakaosema arudishe petroli, boti ibaki na asili yake.

SALUM: Nawaheshimu, ila hapana, dada. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja unashuka kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo, ukisubiri cheche ya starta. Ndiyo maana boti ya petroli huwekewa feni ya kutoa hewa ya ngama kabla ya kuwasha. Dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipite nyuzi 50 na kitu.

REHEMA: Lakini dizeli inatikisa. Mbao za umri ule, kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa, itashika?

SALUM: Hapo una haki ya kuogopa. Afunge raba nzuri chini ya injini, na kabla ya hapo achokonoe kwa bisibisi zile mbao zinazobeba injini. Zikiwa laini, abadilishe kwanza. Uzito usimtishe: dizeli ndogo ya silinda 3 ni kilo 130 hadi 150 hivi pamoja na gia boksi.

REHEMA: Akipata injini ya dizeli ya Perkins 4.108 ya mtumba?

SALUM: Imara, lakini inajulikana kwa kuvujisha oili kwa nyuma, na hiyo oili yote inaishia kwenye ngama. Ningetafuta Yanmar, au Beta Marine, ambayo ndani yake ni injini ya Kubota, watengenezaji wa matrekta. Fundi wa trekta ataielewa. Ila ipozwe kwa maji yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani, maji ya chumvi yaishie kwenye kipoza tu. Chumvi ikipita kwenye bloku ya injini, inaila.

REHEMA: Propela ya zamani ibaki?

SALUM: Asiamue kabla ya kuisoma. Kwenye kitovu mara nyingi wamegonga RH au LH, yaani inazunguka kulia au kushoto, kisha kipenyo na pitchi (umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja) kwa inchi. Ya kushoto ukiifunga kwenye gia inayozungusha kulia, unatia gia ya mbele, boti inarudi nyuma! Atutumie picha ya hizo namba kabla hajalipa hata shilingi.