Usiniambie Dawa, Niambie Unachoumwa

Wazee wangu shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Nimekaa nyuma ya dirisha la famasi miaka mingi, na maneno ninayoyasikia kuliko yote ni "nipe dawa fulani". Mteja ameshaamua. Jina la dawa kalipata kwa jirani, hela kaikunja mkononi, bodaboda inamsubiri. Nikimuuliza anayeumwa ni nani, ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine, ananitazama kama trafiki aliyemsimamisha bila kosa. Ndugu zangu, yale maswali ndiyo huduma yenyewe. Na mimi siyatozi hela.

Kuna mama alikuja kulalamika kwamba dawa ya mseto ya malaria niliyomuuzia haina nguvu. Nikaomba nione paketi. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mkupuo, vinne vingine yakipita masaa manane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Paketi yake ilikuwa bado na 12. Homa iliposhuka akavitunza, labda mtoto ataugua. Na vile alivyokunywa alivishushia kwa chai ya rangi, tumbo tupu, wakati dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikienda na chakula chenye mafuta kidogo, hata kikombe cha maziwa. Nikamtuma akapime tena kabla sijampa kitu kingine. Lakini kosa lilikuwa letu. Tuliandika "4x2" kwenye bahasha, tukaona kazi imeisha.

Presha nayo. Mtu anashuka kwenye bodaboda anahema, anapitisha mkono kwenye mashine juu ya sweta, huku anaongea na simu. Kaa kwanza dakika tano, miguu chini, mkono ulegee usawa wa moyo, kimya. Hata ikisoma 140/90, kipimo cha siku moja hakitoshi kukuita mgonjwa wa presha.

Walioko vijijini wana duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi. Mtoa dawa pale kafundishwa, pamoja na kutambua dalili za hatari kwa mtoto anayetakiwa kuwahishwa hospitali. Akikwambia "huyu siwezi, mpeleke", hajakunyima dawa. Amekuhudumia.

Kinachonikera ni dirisha letu lenyewe. Kijana anataka kuuliza kuhusu usaha sehemu za siri, na nyuma yake kwenye foleni kasimama mke wa mchungaji. Ataishia kununua Panadol na kuondoka. Mimi nimeweka kiti nyuma ya kabati. Ukifika, sema tu, "Naomba ushauri pembeni." Ukikuta kiti kimejaa maboksi, niambie niyatoe.