Muuaji Anayeumia: Jinsi The Simpsons Walivyoiiga Cape Fear

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na asanteni kwa kuja.

Leo tunazungumzia katuni ya dakika ishirini na kitu na filamu ya saa mbili iliyoizaa. Katuni ni sehemu ya The Simpsons, mfululizo wa katuni kuhusu familia moja ya Marekani, iitwayo Cape Feare, iliyorushwa Marekani na kituo cha Fox tarehe 7 Oktoba 1993. Iliandikwa na Jon Vitti, ikaongozwa na Rich Moore. Filamu ni Cape Fear ya Martin Scorsese, ya mwaka 1991, ambayo nayo ilirudia filamu ya J. Lee Thompson ya mwaka 1962. Kwa hiyo tunachokitazama ni nakala ya nakala, na naamini hii ya tatu imeielewa hadithi vizuri kuliko watu wengi walioiandikia uhakiki.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Max Cady anatoka gerezani baada ya miaka kumi na minne na kuanza kumwandama Sam Bowden, wakili aliyemtetea mahakamani. Bowden alificha ripoti ambayo ingeweza kumpunguzia mteja wake adhabu. Cady ameligundua hilo, na sasa anaitaka familia nzima: mke, binti, hadi mbwa. Anawafuata mpaka kwenye boti yao katika mto Cape Fear, North Carolina. Robert De Niro ndiye Cady, Nick Nolte ndiye Bowden.

Katika katuni nafasi ya Cady imechukuliwa na Sideshow Bob, msomi mwenye nywele kama mnanasi na sauti ya Kelsey Grammer. Anayeandamwa ni Bart, mtoto wa miaka kumi, ambaye kosa lake pekee ni kufichua uhalifu wa Bob. Bob anaachiliwa na bodi ya parole, ile inayowatoa wafungwa kabla ya muda wao, familia inapewa jina jipya la Thompson na kuhamishiwa Terror Lake, na mwisho wanakutana wote kwenye boti. Mpangilio ni ule ule, karibu hatua kwa hatua. Basi kicheko kinatoka wapi?

Nawaomba mumtazame Cady kwa makini. Kinachotisha kwake, zaidi ya maneno yake na tatuu zake, ni kwamba mwili wake haumsaliti. Wanaume watatu wanamvizia usiku kwa minyororo na mabomba. Anapigwa, anainuka, anawapiga wao. Kwenye boti anashika fataki ya kuombea msaada inayowaka, ule moto ulioyeyuka unamchuruzika mkononi, na uso haubadiliki. Anasafiri mwendo mrefu akiwa amejishikiza chini ya gari la familia, kisha anatoka hapo mzima, amesimama wima. Scorsese anatuonyesha mtu aliyeyashinda maumivu, na mtu wa namna hiyo huna cha kumtishia.

Sasa katuni kwa kawaida ni nchi ya miili isiyoumia. Paka anagongwa na nyundo, anakuwa bapa kama chapati, sekunde mbili baadaye anakimbia. Walichofanya waandishi wa The Simpsons ni kubadilishana mizigo: filamu ya watu halisi ina muuaji asiyesikia maumivu, wao wakaweka ndani ya katuni muuaji anayeyasikia yote. Bob naye anajificha chini ya gari. Lakini gari linapita kwenye matuta ya barabarani, na kila tuta linamkuta mgongoni. Kisha Homer, baba yake Bart, anapata wazo la kukatiza kwenye shamba la mipungate. Sisi tulioiona filamu tulikubali bila kuuliza kwamba binadamu anaweza kukaa pale chini. Katuni inauliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza sisi, na inalijibu kwa miiba.

Halafu zinakuja reki. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni moja ya dakika bora kabisa katika historia ya televisheni ya Marekani, na nasema hivyo kwa moyo wote. Bob anatoka chini ya gari, anakanyaga reki, mpini unainuka na kumpiga usoni. Anaguna. Anageuka, anakanyaga nyingine. Anaguna. Anageuka tena. Anapigwa mara tisa. Sehemu ile ilikuwa fupi kuliko muda uliotakiwa, na watengenezaji wakaamua kulirefusha tukio hilo ili kuujaza. Ukilitazama utaona linapita katika hatua zake: mara mbili za kwanza unacheka, ya nne unachoka, ya sita unakaribia kukasirika, na kuanzia hapo unacheka kuliko mwanzo, safari hii kwa sababu haliishi. Sikilizeni na ule mguno. Hakuna kelele, hakuna tusi, ni chuki ya chinichini ya mtu aliyesoma, anayejiona mkubwa, ambaye ulimwengu unakataa kumchukulia hivyo. Cady angezipita zile reki bila hata kutazama chini.

Hata tatuu za Bob zinamwangusha. Katika The Night of the Hunter ya mwaka 1955, Robert Mitchum, yule yule aliyekuja kuwa Cady wa kwanza mwaka 1962, alichorwa vidoleni maneno mawili, mapenzi mkono mmoja na chuki mwingine. Kwa Kiingereza kila neno lina herufi nne. Bob ni mtu wa katuni. Ukiacha dole gumba ana vidole vitatu tu. Maneno yake imebidi yafupishwe ili yaenee. Kitisho kimeshindwa na anatomia.

Upande wa familia nitapita haraka, ingawa kuna jambo moja siwezi kuliacha. Katika filamu, Cady anakaa mbele ya familia kwenye ukumbi wa sinema, anavuta sigara kubwa na kucheka kwa sauti mpaka watu wanakereka. Ni kitisho safi: anawaambia kwamba ataingia popote walipo. Katika katuni Bob anafanya hivyo hivyo, kisha kamera inatuonyesha aliyeketi mbele yake: Homer, mwenye sigara kubwa zaidi na kicheko kikubwa zaidi. Bob anakereka. Hapo ndipo unapoona kwamba Bart ana maadui wawili, mmoja anayetaka kumuua na mwingine anayempenda. Baba huyu, usiku ambao mtoto hapati usingizi kwa hofu, anaingia chumbani ghafla na kisu kirefu mkononi kumuuliza kama anataka keki. Bowden alishindwa kuilinda familia yake kwa sababu ya dhambi ya zamani. Homer anashindwa kwa sababu hafikirii.

Kitu kimoja hawakukigusa, na naona kutokigusa huko ndiko kulikoishikilia kazi yote: muziki. Bernard Herrmann aliandika muziki wa filamu ya 1962, akafariki mwaka 1975, na Scorsese badala ya kutafuta mpya akamwomba Elmer Bernstein aupange upya ule wa zamani. Zile noti nne nzito zinazoshuka, mnazifahamu. The Simpsons wanazitumia bila kuzichekesha. Bob anapotokea, okestra inatetemeka kwa dhati. Kama muziki nao ungechekesha, Bob angekuwa mlevi anayejikwaa uani. Muziki unapoapa kwamba huyu ni hatari, ndipo kila reki inapopata uzito. Na wala si uongo: Bob anakuja kuua mtoto, na bila reki angeweza.

Tufike kwenye boti. Katika filamu, Cady anazama mtoni akiwa amefungwa pingu, akiimba wimbo wa dini. Waandishi wa katuni waliliona hilo la kuimba wakalihamisha. Bart amebanwa, hana pa kukimbilia, hivyo anaomba jambo moja la mwisho: Bob amwimbie H.M.S. Pinafore yote, ile opera ya Gilbert na Sullivan ya mwaka 1878. Na Bob anakubali, kwa sababu ni mtu wa sanaa na ameombwa kwa adabu. Anaimba wimbo baada ya wimbo, kwa sauti nzuri kweli, huku mto unaibeba boti kurudi Springfield, mji wa familia, mpaka inakwama mahali polisi walipo. Bart amempima: amejua kwamba mwili wa adui yake unaumia, lakini kiu ya kusifiwa inamuuma zaidi. Mwanasheria mzima alihitaji mawe, pingu na dhoruba. Mtoto alihitaji kujua adui yake anapenda nini.

Tutazame sasa vipande vitatu: gari la Scorsese, gari la Springfield, halafu reki zote tisa bila kukata. Maswali baada ya hapo.