Claudette Werleigh: Waziri Asiye na Bunduki

Najua wengi mlitegemea nianze na Ertha Pascal-Trouillot, jaji aliyekuwa rais wa Haiti mwaka 1990. Huyo ana siku yake. Leo namtaka Claudette Werleigh, aliyekuwa waziri wa ustawi wa jamii katika serikali ya mama huyo.

Claudette alizaliwa Cap-Haïtien mwaka 1946. Kabla ya siasa alifanya kazi Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, na akajishughulisha na elimu ya watu wazima. Jamani, hapo msipite haraka. Mkulima wa Haiti anaota ndoto zake kwa Krioli, lakini hati ya shamba na hukumu ya mahakama viliandikwa kwa Kifaransa. Anaambiwa tu, weka dole gumba hapa. Anaweka, hajui ameuza au amenunua. Krioli ilipata hadhi ya lugha rasmi katika katiba ya 1987. Kwa hiyo darasa la kusoma na kuandika lilikuwa siasa tosha, hata kabla mwalimu hajagombea chochote.

Mwaka 1993 akawa waziri wa mambo ya nje. Uwaziri gani huo! Rais Aristide, aliyepinduliwa 1991, yuko Washington. Bunduki ziko kwa Jenerali Cédras, mkuu wa jeshi aliyeongoza mapinduzi hayo. Oktoba 11, meli ya Marekani Harlan County inafika Port-au-Prince na askari wa kusaidia kurudisha utawala halali. Genge linapiga kelele bandarini, meli inageuza. Siku tatu baadaye Guy Malary, waziri wa sheria, anauawa mchana kweupe. Mwenzake wa baraza moja! Baada ya hapo ukiingia mkutanoni kuiwakilisha Haiti, una nini mkononi? Hoja zako tu, basi.

Aristide alirudi Oktoba 1994. Novemba 1995 Claudette akawa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza. Aliyemtangulia, Smarck Michel, alijiuzulu katika mvutano wa kubinafsisha mashirika ya umma, kwa hiyo mama alikabidhiwa chungu kikiwa bado kinachemka. Alikaa miezi minne hivi. Ndani ya muda huo, Februari 1996, Haiti ilirudisha uhusiano na Kuba.

Baadaye alikwenda Uppsala, Uswidi, kwenye kazi ya usuluhishi, kisha akawa katibu mkuu wa Pax Christi, harakati ya amani ya Wakatoliki. Kiti cha waziri mkuu kule nyumbani hakikukaliwa tena na mwanamke hadi 2008, alipoingia Michèle Pierre-Louis.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, karibu.