Shahada ni Ushahidi: Nani Atashuhudia Kazi Yako?

Mhadhara kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Mwenyekiti, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuniita. Ukumbi huu umesikia maneno mazito kuliko yangu. Wazee wetu walikaa humu kuzungumzia uhuru kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mimi nimekuja kuzungumzia ugali: utatoka wapi, na nani ataupika, ikiwa barua ya chuo kikuu haikuja.

Nianze na neno lenyewe. Shahada. Tunalitaja kila siku bila kulisikiliza. Shahada ni ushahidi. Ni ndugu ya shahidi na kushuhudia. Chuo kikuu kinapokupa shahada kinasimama mbele ya watu wasiokujua na kusema: huyu tumekaa naye miaka minne, tumempima, tunamshuhudia. Mwajiri anaipenda karatasi hiyo kwa sababu hana wakati wa kukujua. Anamwamini shahidi.

Basi mtoto asipokwenda chuo kikuu, mzazi, usilie kwanza. Jiulize: nani atashuhudia kazi yake? Mimi nilikaa miaka tisa nikifanya kazi bila kujiuliza swali hilo, na iliniuma.

Lakini tuone kwanza tuko wangapi. KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ya mwaka 2024 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ kwenda juu, yaani alama ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Ni kama mmoja kati ya wanne. Waliobaki ni zaidi ya laki saba, wa mwaka mmoja tu. Siwezi kukubali kwamba nchi ina watoto laki saba walioshindwa na maisha wakiwa na miaka kumi na minane. Hao ndio watakaojenga nyumba zetu, watapika chakula chetu hotelini, watatengeneza magari tunayopanda kwenda Rongai.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipata C-. Mama alikuwa akiuza samaki Gikomba, na samaki wakanipa kazi, kwa sababu friji ya jirani yake sokoni ilikufa na fundi aliyekuja kuitengeneza alikuwa mzee mmoja mpole mwenye karakana kando ya Jogoo Road. Mama alimwomba anichukue. Ada alimlipa kidogo kidogo, na wiki nyingine alimlipa kwa samaki.

Miezi mitatu ya kwanza sikushika friji. Nilifagia, nilishika tochi, nilitumwa River Road kununua vipuri. Nilidhani ananidharau kwa kuwa mimi ni msichana. Baadaye nikaelewa kwamba kila kipuri nilichotumwa nilikuwa nakijifunza jina, bei na namna ya kukitambua kikiwa bandia.

Siku aliyonipa moto naikumbuka. Paipu ya shaba inaunganishwa kwa fimbo inayoyeyushwa, na shaba haikupi nafasi ya pili. Ukiipasha joto kidogo, fimbo inaganda juu yake kama nta, na baada ya wiki gesi inavuja. Ukizidisha, paipu inatoboka. Mzee alisimama nyuma yangu, akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Ngoja iwe kama embe lililoiva upande wa jua. Bado. Bado. Haya, sasa." Fimbo ikayeyuka, ikazunguka kiungo chote yenyewe, kama maji yanavyofuata ufa. Hakuna kitabu ambacho kingenifundisha rangi ile.

Kwa hiyo kazi niliijua. Miaka tisa baadaye nilikuwa na wateja Eastlands nzima. Usiku mmoja hoteli fulani mjini iliniita, chumba chao cha baridi kimekufa na ndani kuna nyama ya harusi. Nilifanya kazi mpaka alfajiri, nyama ikapona. Meneja alifurahi akataka nipewe mkataba wa kuhudumia mashine zao zote. Nikaenda ofisini. Aliyekuwa akishughulikia mikataba aliniuliza jambo moja: cheti chako kiko wapi?

Sikuwa nacho. Mkataba ukapewa kampuni. Baada ya wiki mbili kampuni hiyo ikanipigia simu niende kuitengeneza hoteli ile ile, chumba kile kile, kwa malipo ambayo nilikuja kujua yalikuwa sehemu ya tano ya yale waliyodai. Nilikwenda, kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Nilichomelea huku machozi yananitoka.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni kweli, lakini aliyeunda asipokuwa na wa kumshuhudia, sifa huchukuliwa na mwenye chombo.

Mteja mmoja ndiye aliyenielekeza Industrial Area, Commercial Street, kwenye Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Nawaomba mlishike jina hili. Wana mtihani wa ufundi wa serikali wenye madaraja matatu: unaanza na la tatu, unapanda la pili, kisha la kwanza. Kuna maswali, lakini uzito uko mikononi: unapewa kazi, mtahini anakutazama ukiifanya. Kinyozi, fundi bomba, mshonaji, mwashi, fundi wa magari, wote wana mtihani wao. Daraja la tatu halikuulizi ulipata nini KCSE. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kila mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na akimpeleka mfanyakazi kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai kurudishiwa gharama. Ukiwa umeajiriwa, hata kiwandani, muulize bosi wako kwa heshima. Pesa hiyo ililipwa kwa ajili ya mikono kama yako.

Mimi sikuishia kwenye mtihani. Nilijiandikisha masomo ya jioni katika chuo cha ufundi, nikiwa na miaka ishirini na minane, nimekaa na watoto wa kumi na tisa. Na hapa nataka niwaonyeshe kitu. Nimekuja na hii kompresa, mashine inayosukuma gesi ndani ya friji, ni ya friji ya nyumbani. Mnaona pini tatu? Mzee wangu alinifundisha hivi: pima ukinzani wa umeme kwa mita, pini mbili mbili. Zile mbili zinazotoa namba kubwa kuliko zote, ziache. Ile ya tatu iliyobaki ndiyo ya pamoja. Nilifanya hivyo miaka tisa na sikukosea hata mara moja. Sikujua ni kwa nini. Darasani mwalimu alichora mstari mmoja ubaoni: ndani mna koili mbili zilizounganishwa mwisho kwa mwisho, pini ya pamoja iko pale zinapoungana, ukipima kutoka ncha hadi ncha unazipima zote mbili, kwa hiyo namba ni jumla. Nilicheka peke yangu. Tangu siku hiyo sikuhitaji tena kukariri, na niliweza kuitambua kompresa iliyoungua koili moja hata kabla ya kuifungua. Karakana ilinipa mikono, darasa likanipa sababu. Msikubali mtu yeyote awaambie mchague kimoja.

Tena kazi yenyewe inabadilika. Gesi ya kupoza ya R-22 niliyoanza nayo inaondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a, na hiyo inawaka. Fundi aliyezoea ya zamani akileta moto karibu na mfumo ambao bado una gesi hiyo, anaweza kuungua uso. Asiyerudi darasani anahatarisha maisha yake na ya mwenye nyumba.

Njia nyingine nitazipitia haraka, kwa sababu kila moja inastahili siku yake. Vyuo vya TVET, yaani vya ufundi, sasa vinafundisha kwa umilisi, unapimwa kwa unachoweza kufanya, kuanzia kiwango cha 3 hadi cha 6; cha 6 ni diploma, na mwenye diploma anaweza kuendelea mpaka shahada akitaka. Mlango haujafungwa, unaufikia kwa kuzunguka tu. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, inakopesha wanafunzi wa vyuo hivyo pia. Anayependa hesabu, KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, imekuwa ikitahini wahasibu tangu mwaka 1969. Aliyekosa alama za kuanzia CPA, ngazi ya mhasibu kamili, huanza ngazi ya chini kisha akapanda, na watu wengi wamefika huko bila kukanyaga chuo kikuu. Umeme una leseni za EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na sola ina zake, madaraja ya T1 hadi T3. Bila leseni usiguse nyaya za mtu. Anayeandika programu za tarakilishi ana bahati ya pekee: kazi yake inaweza kufunguliwa mbele ya mteja ikajisemea. Lakini shule za programu ni nyingi na ada ni kubwa. Kabla hujalipa, omba uzungumze na watu watatu waliomaliza, uwaulize wanakula wapi leo.

Sipendi mihadhara inayodharau chuo kikuu. Ukitaka kuwa daktari, wakili, au mhandisi aliyesajiliwa, hakuna njia ya panya. Pambana upate shahada, urudie mtihani ikibidi. Na kazi ya mikono ina mateso yake. Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako katika sekta isiyo rasmi, na wengi hawana mtu wa kuwakatia NSSF ya uzeeni wala SHA ya matibabu. Mzee wangu alistaafu akiwa na mgongo mbovu na hakuna pensheni. Jilipie mwenyewe, hata kidogo, tangu mwezi wa kwanza unaopata pesa. Andika kila kazi unayofanya: tarehe, mahali, ulichokuta, ulichofanya, simu ya mteja kama amekubali. Piga picha kabla na baada. Daftari langu la kwanza lilikuwa la Kiswahili la mwanangu, kurasa zilizobaki. Lilinisaidia mbele ya mtahini kuliko maneno yote.

Na nyinyi wazazi mlioketi nyuma, nimewaona. Kuna mwashi hapa aliyejenga kwa miaka ishirini, kuna mama aliyeshona sare za shule nusu ya mtaa huu. Mnadhani mkutano huu ni wa watoto. Serikali ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti bila kurudi darasani kuanza upya. Ulizeni NITA, ulizeni chuo cha ufundi kilicho karibu kama kimeidhinishwa kupima. Msiende na aibu. Nendeni na kazi zenu mkononi.

Mwanagenzi wangu wa sasa, msichana wa Makadara aliyepata D+, anafanya mtihani wa daraja la pili hivi karibuni. Yuko pale mlangoni na mita. Kompresa naiacha mezani, pini ziko wazi, haina umeme. Njooni mpime, mmoja mmoja, na wasichana watangulie.