Kimeng'enya cha kuvu wa mbao kinakaa wapi ndani ya seli? Twende maabara

Haya jamani mambo vipi, leo tuko na Fomitopsis palustris, kuvu anayeozesha mbao mpaka inakuwa kahawia na kukatika vipande vya mraba. Jamaa huyu anatoa asidi ya oksaliki kwa wingi, na kimeng'enya kimoja muhimu kwenye kazi hiyo ni isositreti liase (tutaiita liase tu). Kinakaa kwenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli), kwenye peroksisomu (vifuko vidogo vya seli), au kinaelea tu kwenye saitosoli, ule ute wa seli? Tunakitafuta.

Kuotesha narusha: maji yenye glukosi, kipande cha kuvu, miselia (nyuzi za kuvu) ikijaa chuja, osha, basi.

Sasa ukuta wa seli. Kinu na mchanga weka pembeni. Loweka miselia kwenye bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi) yenye manitoli, sukari ya kuzuia seli zisipasuke, pamoja na vimeng'enya vya kula ukuta, nyuzi 30, tikisa taratibu masaa kadhaa, chungulia kwenye hadubini, ukiona viduara vinang'aa ujue seli zishavuliwa nguo. Kuanzia hapo kila kitu kwenye barafu, hata bafa yenyewe.

Kupasua seli ni kwa homojenaiza ya mkono, mchi unashuka polepole. Polepole! Peroksisomu ina utando mmoja tu, ukisukuma kwa hasira inapasuka vilivyomo vinamwagika, halafu unakuja kutuambia kimeng'enya kinakaa kwenye saitosoli kumbe umekimwaga mwenyewe.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa 1,000 g (mara 1,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 10, mashapo tupa, maji ya juu ndo mali.

Tabaka za sukari hizi, ambazo kila sehemu ya seli itasimama pale densiti inapolingana na yake, nilishaziandaa, chini asilimia 60 inapungua mpaka 30 juu, zimelala kwenye friji usiku kucha mipaka ilainike. Sasa tunaweka sampuli juu yake... ngoja, lenzi imeshika ukungu, baridi hii... haya. Ncha ya pipeti iguse ukuta wa tyubu. Ukidondosha katikati tone linazama, tabaka zimechanganyika, unaanza upya. Mnaona kale kamstari kanakong'aa? Kakitikisika, simama kwanza. Ncha ukutani. UKUTANI jamani.

Tyubu zinazokabiliana zipime na vishikio vyake, zilingane, zisipolingana usibonyeze kitu, mashine hii haina utani. 100,000 g, nyuzi 4, masaa 3. Mi hapo nakunywa chai, nje ya maabara lakini.

Imetoka, ona. Pete ya juu ni mitokondria, densiti yake kama gramu 1.19 kwa mililita, na hii ya chini hafifu ni peroksisomu, kama 1.23. Macho yasikudanganye lakini, toa mililita moja moja kutoka juu kisha pima kila kifungu mara tatu: kimeng'enya saitokromu oksidezi ni shahidi wa mitokondria, kimeng'enya katalezi ni shahidi wa peroksisomu, halafu liase yetu. Liase unaiwekea fenilihaidrazini, inashikana na glioksileti ambayo liase inaitengeneza, unasoma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 324. Vaa glavu, ile kitu ni sumu.

Chora mistari mitatu kwenye grafu moja. Wa liase unapanda pale pale unapopanda wa katalezi, yaani liase iko kwenye peroksisomu, na mstari wa mitokondria uko kwake pembeni. Wajapani walishaonyesha hivi 2006, na utamu wake ni kwamba kuvu alikuwa anakula glukosi, wakati hamira ukiipa glukosi inakizima kabisa hicho kimeng'enya.

Ila angalia hapa juu kabisa ya tyubu, kuna liase kidogo. Msikimbilie saitosoli! Tazama katalezi, nayo ipo hapo hapo na kwa uwiano ule ule, maana yake ni peroksisomu zilizopasuka. Liase ingekuwa nyingi juu na katalezi karibu haipo, hapo sawa, ningeanza kushuku.

Na mabaki ya fenilihaidrazini yasiende kwenye sinki, chupa ya taka ile pale yenye kifuniko chekundu.